Barua ya Onyo si Barua ya Kufukuzwa

Mambo ambayo familia ya mwanafunzi wa udaktari yapasa kuyafahamu mapema

Kijana akichaguliwa kusomea udaktari, habari hiyo haibaki katika nyumba moja. Katika laini za askari hupita mlango kwa mlango kabla jua halijatua. Jirani huja kutoa mkono wa hongera, mjomba hutuma salamu kutoka kijijini, na baba mwenyewe huanza kuitwa Baba Daktari kabla mtoto hajaingia hata darasa la kwanza la chuo. Furaha hiyo ni ya haki kabisa, kwa maana nafasi za udaktari ni chache, na walioziomba ni wengi.

Lakini furaha hiyo hiyo ndiyo ambayo mara nyingine humfunga kijana mdomo. Mwaka wa kwanza unapokwisha, matokeo ya mtihani yakawa mabaya, anapokea barua kutoka kwa mkuu wa kitivo. Barua inasema kwamba maendeleo yake hayaridhishi, na kwamba tangu siku hiyo yuko katika majaribio. Kijana huyo husoma neno moja tu, nalo ni neno ambalo halikuandikwa: amefukuzwa. Huikunja barua, huitia chini ya sanduku, na arudipo nyumbani likizo huulizwa habari za masomo, naye hujibu kwamba ni nzuri, baba. Hapo ndipo hatari ya kweli inapoanza. Wengi katika wale wanaoachishwa masomo hawakuangushwa na barua ya kwanza. Waliangushwa na ukimya uliofuata.

Basi ni vyema familia ikafahamu barua hizi zina maana gani, kwa nini vyuo vya udaktari huziandika, na nini lifanyike baina ya ile ya kwanza na ile ya mwisho.

KWA NINI UDAKTARI UNA KANUNI KALI

Askari yeyote anakumbuka siku zake za ukuruta. Kuruta asiyeweza kulenga shabaha hapewi zamu ya lindo kwa sababu tu ni kijana mwema, wala kwa sababu baba yake alikuwa sajini. Hurudishwa uwanjani, akafundishwa tena, akapimwa tena. Asipoweza baada ya kufundishwa na kupimwa mara kadhaa, huambiwa atafute kazi nyingine. Hapana anayeona kwamba ameonewa, maana kila mtu anajua kwamba siku ya hatari uhai wa wenzake utakuwa mikononi mwake.

Udaktari ni vivyo hivyo. Mwanafunzi wa historia akisahau mwaka wa vita fulani, hapana mtu atakayekufa. Mwanafunzi wa udaktari asipojua kipimo cha dawa kwa mtoto wa kilo kumi, au asipotambua kwamba mama aliyejifungua anatokwa na damu kupita kiasi, kosa lake hulipwa na mtu mwingine kitandani. Kwa hiyo chuo cha udaktari kina wajibu wa namna mbili kwa wakati mmoja. Kina wajibu kwa mwanafunzi, kumfundisha kwa haki na kumpa nafasi ya kujirekebisha. Kina wajibu pia kwa mgonjwa ambaye hajafika bado hospitalini, na ambaye hana njia yoyote ya kuchunguza kama daktari aliyesimama mbele yake alifaulu vyema au alisukumwa tu mbele kwa kuonewa huruma.

Masomo yenyewe hujengwa kama nyumba. Chini kabisa huwekwa msingi: elimu ya viungo vya mwili, kazi ya viungo hivyo, na kemia ya mwili. Juu yake hufuata elimu ya magonjwa na elimu ya dawa. Kisha mwanafunzi huingia wodini, akazunguka katika idara za tiba ya jumla, upasuaji, magonjwa ya watoto na uzazi. Mwenye msingi dhaifu hawezi kusimama wodini, hata awe na bidii ya namna gani. Ndiyo sababu vyuo hupendelea kumzuia mwanafunzi mapema, angali chini ya ngazi, kuliko kumwacha apande akaanguke kutoka juu.

NGAZI ZILIZOWEKWA MAKERERE

Katika eneo hili mfano ulio karibu ni Chuo Kikuu cha Makerere. Mafunzo ya udaktari yalianza huko mwaka 1924, kando ya hospitali ya Mulago, na kwa miaka mingi vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika walikutana katika madarasa hayo. Mwaka 1957 shahada yake ya udaktari ilikubaliwa na baraza la madaktari la Uingereza. Baadaye nchi jirani zilifungua vyuo vyao: Dar es Salaam mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Mbarara, magharibi ya Uganda, ilifuata mwaka 1989. Hata hivyo Mulago ilibaki kuwa mama wa vyuo hivyo, na heshima yake haikutokana na majengo. Ilitokana na jambo hili, kwamba jina la daktari lilitolewa kwa aliyestahili.

Masomo ya udaktari huko huchukua miaka mitano, na baada yake mhitimu hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya madaktari wakubwa kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Katika utaratibu wa masomo uliowekwa na chuo hicho, maendeleo ya mwanafunzi hugawanywa katika hali tatu.

Hali ya kwanza ni maendeleo ya kawaida. Mwanafunzi amefaulu masomo yake, na wastani wa alama zake haukushuka chini ya mbili katika kipimo cha tano. Huyo huendelea mbele.

Hali ya pili ni majaribio. Mwanafunzi ameshindwa somo la lazima, au wastani wake umeshuka chini ya mbili. Kanuni zenyewe zinaiita hali hii kuwa hatua ya onyo. Msomaji na alishike neno hilo. Jina la mwanafunzi lingali katika daftari la chuo, naye yu na haki ya kuingia darasani, maktaba na wodini kama wenzake. Anachotakiwa ni kurudia somo aliloshindwa, na kurudia kwenyewe si kufanya mtihani tu: hana budi kuhudhuria mafundisho upya, kufanya kazi zote za darasani, kisha kuukabili mtihani wa mwisho. Akifaulu, hali ya majaribio huondolewa.

Hali ya tatu ni kuachishwa masomo. Hufika kwa yule aliyekuwa katika majaribio mara tatu mfululizo bila kujinyanyua, au kwa yule aliyekaa chuoni zaidi ya miaka miwili juu ya muda uliowekwa wa masomo yake.

Msomaji akizitazama ngazi hizo ataona kwamba baina ya onyo la kwanza na mlango wa kutokea upo muda, na muda huo si mfupi. Muda huo ndio mali ya mwanafunzi. Ukitumiwa vyema, humrudisha katika mstari; ukipotezwa kwa aibu na kuficha, hakuna wa kuurudisha.

KESI MBILI ZILIZOFIKA MAHAKAMA KUU YA MAREKANI

Je, mwanafunzi akiona ameachishwa bila haki, anaweza kwenda mahakamani? Swali hili limeulizwa katika nchi nyingi, na majibu yanayojulikana zaidi yalitolewa Marekani katika kesi mbili. Sheria za Marekani hazitawali Afrika Mashariki, lakini mambo yaliyotokea yana mafundisho kwa kila mzazi.

Kesi ya kwanza ilihusu mwanafunzi aitwaye Horowitz, aliyeingia chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Missouri katika mji wa Kansas City mwaka 1971. Katika mitihani ya maandishi bibi huyo alikuwa hodari. Tatizo lilikuwa wodini. Waalimu waliandika kwamba kazi yake mbele ya wagonjwa ilikuwa chini ya ile ya wenzake, kwamba mahudhurio yake hayakuwa ya kutegemewa, na kwamba hakujali unadhifu unaotakiwa kwa daktari. Baraza la tathmini, lenye waalimu na wanafunzi, lilimruhusu kuingia mwaka wa mwisho katika hali ya majaribio. Hakubadilika vya kutosha. Hapo chuo kilimpa nafasi ya pekee: madaktari saba wa nje walikaa naye, wakamchunguza kazini, wakatoa maoni yao. Wawili walisema ahitimu kwa wakati wake. Wawili walisema aachishwe mara moja. Watatu walisema asihitimu wakati huo, bali aendelee katika majaribio. Ripoti zilizofuata hazikuwa nzuri, na mwaka 1973 aliachishwa.

Alishtaki kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa kama mshtakiwa anavyosikilizwa. Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa, nayo ikatoa hukumu mwezi wa Machi mwaka 1978. Mahakama ilitofautisha mambo mawili. Mwanafunzi akishtakiwa kwa kosa la nidhamu, mathalani kupigana, yapasa aelezwe shtaka na asikilizwe, kwa kuwa swali ni kama alitenda au hakutenda. Lakini akipimwa kwa elimu na ustadi, wapimaji wake ni waalimu wa fani hiyo, na chumba cha mahakama hakifai kuwa chumba cha mtihani. Mahakama iliona kwamba chuo kilimjulisha mwanafunzi kasoro zake waziwazi na kwa wakati, na kwamba uamuzi ulifikiriwa kwa makini. Hayo yalitosha.

Kesi ya pili ilihusu kijana aitwaye Ewing wa Chuo Kikuu cha Michigan. Aliingia mwaka 1975 katika mpango wa miaka sita uliounganisha shahada ya kwanza na udaktari. Ili aingie katika miaka miwili ya mwisho alipaswa kufaulu mtihani wa taifa. Mwaka 1981 aliufanya, akapata alama 235, wakati alama ya kufaulu ilikuwa 345. Ilikuwa alama ya chini kuliko zote katika historia ya mpango huo. Bodi ya chuo ilipiga kura kwa kauli moja aachishwe. Aliomba wafikiri upya, akaenda mwenyewe mbele yao akajieleza. Wakasikiliza, wakabaki na uamuzi wao.

Malalamiko ya Ewing hayakuwa ya mzaha. Alionyesha kwamba wanafunzi wengine wa chuo hicho walioshindwa mtihani ule ule waliruhusiwa kuurudia, ila yeye. Hata hivyo, mwezi wa Desemba mwaka 1985 mahakama ya juu kwa kauli moja ilikataa kuutengua uamuzi wa chuo. Ilisema jaji haingilii uamuzi wa kitaaluma isipokuwa kama wahusika wameacha kabisa kanuni zinazokubalika za taaluma, kiasi cha kuonyesha kwamba hawakutumia busara ya kitaaluma. Bodi iliitazama safari yake yote ya masomo, si karatasi moja ya mtihani tu, nayo safari hiyo ilikuwa na mashimo mengi tangu mwanzo.

Fundisho la kesi hizi ni dhahiri. Mwanafunzi anayengoja hadi aachishwe ndipo aanze kutafuta wakili, amechelewa. Kinga yake kubwa i katika ngazi za chini, wakati ambapo waalimu wangali wanaandika ripoti, na ripoti hizo zingali zinaweza kubadilika.

TABIA NAYO HUPIMWA

Wazazi wengine hudhani kwamba chuo hutazama alama tu. Sivyo. Kuchelewa wodini, kudanganya katika cheti cha mgonjwa, kumjibu muuguzi kwa dharau, kukataa kurekebishwa, hayo yote huandikwa.

Sababu yake si ukali wa bure. Mwaka 2005 ulitangazwa nchini Marekani uchunguzi juu ya madaktari 235 waliohitimu katika vyuo vitatu, ambao baadaye waliadhibiwa na mabaraza ya udaktari kati ya mwaka 1990 na 2003. Walilinganishwa na madaktari 469 wasiopata adhabu. Ilionekana kwamba waliokuwa na ripoti za tabia mbaya wakiwa wanafunzi walikuwa katika uwezekano wa mara tatu hivi wa kuadhibiwa baadaye. Tabia mbili zilizotabiri matatizo kwa nguvu zaidi zilikuwa kukosa uwajibikaji, na kushindwa kabisa kujirekebisha mtu aonyeshwapo kosa lake. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na sayansi imekuja kuwaunga mkono.

YANAYOWAANGUSHA VIJANA

Si sahihi kudhani kwamba kila anayeshindwa ni mvivu au mlevi. Wapo walio hivyo, lakini sababu ni nyingi.

Kwanza ni namna ya kusoma. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake alizoea kukariri usiku mmoja kabla ya mtihani. Katika udaktari, mambo ya kushika ni mengi mno hata njia hiyo haifai tena. Anayekawia kubadili mbinu huona wenzake aliowashinda zamani wakimpita, na moyo wake huvunjika.

Pili ni ugonjwa na huzuni. Malaria mwezi wa mtihani, au kukosa usingizi kwa wasiwasi, huweza kumshusha mwanafunzi mwema. Hata Ewing alipojieleza mbele ya bodi alitaja kwamba mama yake alipatwa na maradhi ya moyo mwaka mmoja na nusu kabla ya mtihani, kwamba alikuwa ameachwa na mchumba, na kwamba alitumia muda mwingi mno kuandika insha ya mashindano. Bodi iliyasikia yote. Lakini yalisemwa baada ya mtihani, nayo kwa asili yake ni mambo ya kusemwa kabla.

Tatu ni mambo ya nyumbani. Karo imechelewa, baba amehamishwa kikosi na familia imetawanyika, mdogo wake ni mgonjwa na yeye ndiye anayeitwa kila mara kwa kuwa "ni daktari". Kijana huyo hushinda safarini baina ya chuo na nyumbani, na masomo hubaki yatima.

Nne ni kuona haya kuuliza. Mwanafunzi huogopa kwamba akimwendea mwalimu ataonekana mjinga. Kumbe mwalimu humkumbuka zaidi yule aliyekuja mlangoni akiwa na swali kuliko yule aliyekaa nyuma kimya hadi siku ya matokeo.

KAZI YA FAMILIA

Barua ya onyo inapofika, mzazi anaweza kuponya au kuua. Baba anayepiga kelele kwamba ameaibishwa mbele ya kikosi kizima humfundisha mwanawe kuficha barua ya pili. Afadhali kuketi naye, kuisoma barua yote pamoja, mstari kwa mstari, na kuuliza maswali manne: ni somo gani limeshindikana? Litarudiwa lini? Karo ya kurudia ni kiasi gani? Ni nani chuoni anayepaswa kuonwa?

Kisha mwanafunzi mwenyewe, wala si mzazi, aende kwa mwalimu wa somo hilo na kwa mkuu wa kitivo, aulize kasoro zake kwa ukamilifu, na ayaandike majibu. Kila barua iwekwe katika jalada moja pamoja na vyeti vya hospitali na nakala za maombi. Akiwa mgonjwa, cheti cha daktari kipelekwe chuoni siku zile zile, si miezi baadaye. Ikiwa mzigo umezidi, kanuni za vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kuomba kwa maandishi asimamishe masomo kwa muda, akarudi akiwa mzima. Kusimama kwa ruhusa si kushindwa. Kutoweka bila ruhusa ndiko kunakohesabiwa kuwa kosa.

Mama naye ana kazi ambayo chuo hakiiwezi. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba mtoto amekonda, hacheki, halali. Neno la upole kutoka kwake, "Mwanangu, nieleze," limefungua midomo mingi iliyofungwa. Na majirani waombwe kupunguza jina la daktari hadi cheti kitakapotolewa. Jina linalokuja kabla ya wakati huwa mzigo kichwani.

IKIWA AMEACHISHWA KWELI

Itatokea pia kwamba juhudi zote zimefanywa na bado kijana ameachishwa. Kwanza aisome barua kwa makini ajue kama ipo nafasi ya rufani ndani ya chuo na siku ya mwisho ni lini. Rufani yenye nguvu ni ile inayoonyesha jambo ambalo baraza halikulijua, kama ugonjwa wenye ushahidi au kosa katika kuhesabu alama. Rufani ya machozi peke yake haifiki mbali, wala ile ya kumtuma mkubwa fulani apige simu. Mkubwa huyo naye ataugua siku moja, na atataka daktari aliyefaulu kwa haki.

Rufani ikikataliwa, maisha hayakufungwa. Afisa wa tiba, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia, bwana afya, wote hao huponya watu, na elimu ya viungo na kemia aliyoipata kijana haitaharibika. Wapo wanaong'ara katika kazi hizo kwa sababu wamefika mahali panapolingana na vipaji vyao. Kikosi hakijengwi na makamanda peke yao. Wapo mafundi, madereva na watu wa simu, na siku ya vita kila mmoja huhitajiwa.

Lakini kabla ya kufika huko, ile barua ya kwanza na itolewe chini ya sanduku, iwekwe mezani, isomwe. Ficha maradhi, kilio kitakuumbua. Daktari wa kesho atawaambia wagonjwa wake kila siku kwamba ugonjwa unaotajwa mapema hutibika. Hana budi yeye mwenyewe awe wa kwanza kuliamini neno hilo.